Imefutwa, Lakini Je, Imefutika?

Miongoni mwa vitenzi ambavyo mwalimu hutumia kila uchao, kufuta ni kimojawapo. Hufuta ubao, hufuta kosa daftarini, na muhula ukianza hufuta katika sajili jina la mwanafunzi aliyehama. Kitenzi hiki kimezoeleka mno hivi kwamba aghalabu hatuulizi kinabeba nini. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili imetuwekea tofauti moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ufunguo wa suala zito linalozikabili shule na vyuo vyetu wakati huu. Tofauti hiyo ni ile iliyopo baina ya kufutwa na kufutika.

Kauli ya kutendwa hutuarifu kwamba kuna aliyetenda: mtu alichukua kitambaa akakipitisha ubaoni. Kauli ya kutendeka hutuarifu hali ya kitu chenyewe baada ya tendo. Ndiyo maana hakuna ukinzani wowote katika sentensi hii: 'Maandishi yamefutwa, lakini hayakufutika.' Kila aliyewahi kufunza kwa ubao mkuukuu anaielewa bila ya kufafanuliwa. Kufutwa ni tendo, kufutika ni tokeo, na tendo kufanyika si hoja ya kutosha kwamba tokeo limepatikana.

Suala ninalolikusudia ni kumbukumbu zinazohifadhiwa na vyombo vya akili unde, ambayo wengine huiita akili bandia na wengine akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mnamo Novemba 2022, walimu na wanafunzi wengi wamezoea kuiuliza maswali na kupokea majibu. Hatua iliyofuata ni ya mawakala. Wakala ni programu isiyokomea kwenye kujibu. Hupewa kazi, akafungua faili, akajaza majedwali, akatuma barua pepe, na akaandika mahali yale atakayoyahitaji kesho. Msomaji atatambua kwamba namtaja kwa upatanisho wa ngeli ya A-WA, kwa kuwa nomino yenyewe inadai hivyo. Asije akadhani kwamba sarufi hiyo imempa wakala utu wala uaminifu.

Ni muhimu tuelewe jinsi kumbukumbu hizi zinavyofanya kazi. Mtambo wa lugha ulio ndani ya wakala haukumbuki mazungumzo ya jana. Kila mazungumzo mapya huanza ubao ukiwa mtupu. Ili wakala aonekane anakukumbuka, ni lazima pawepo chombo kando yake, yaani faili au hifadhidata ambamo maelezo huandikwa, kisha husomwa upya na kuingizwa katika mazungumzo yanayofuata. Kampuni ya OpenAI ilianza kukijaribu chombo cha aina hii katika ChatGPT mnamo Februari 2024. Nayo kampuni ya Anthropic, mnamo Septemba 2025, iliwapa watengenezaji wa programu chombo ambacho kwacho mtambo wake, Claude, unaweza kusoma faili za kumbukumbu, kuunda mpya, kuzihariri, kuzibadilisha majina na kuzifuta. Faili hizo hukaa katika mfumo wa mtengenezaji wa programu, naye ndiye anayeamua zihifadhiwe wapi na vipi. Kwa hivyo, mtambo unapofuta, kwa hakika huwa unatoa ombi tu. Anayelitekeleza ni programu iliyojengwa na mtu mwingine, na kinachotokea baada ya ombi hutegemea jinsi mtu huyo alivyoijenga.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa darasa la wanafunzi 45 anamtumia wakala kuandaa maoni ya ripoti za kila muhula. Katika muhula wa kwanza anamweleza kwamba mwanafunzi mmoja amekosa masomo kwa majuma matatu, kwamba fununu zasema nyumbani kwao kuna ugomvi, na kwamba huenda mtoto mwenyewe ni mvivu. Wakala anayaandika. Baadaye mwalimu anagundua kwamba mtoto huyo alikuwa akimuuguza mamake. Kwa uungwana wake anamwamuru wakala ayafute maelezo yale. Wakala anajibu, 'Nimefuta.' Muhula wa tatu unafika, na katika ripoti ya mtoto yule yule panatokea sentensi ya upole inayomhimiza ajitahidi zaidi na aache uzembe. Uzembe huo umetoka wapi? Maelezo yalifutwa. Hayakufutika.

Jambo hili linawezekana kwa sababu katika vyombo hivi neno 'futa' hubeba matendo matano, ambayo tukiyachanganya tutadanganyika.

La kwanza ni kuondoa machoni. Hifadhidata nyingi zikiamriwa kufuta, kwanza hutia alama tu kwamba kifungu hiki kisionyeshwe tena. Kifungu chenyewe hubaki mahali pake hadi usafi utakapofanywa, na usafi huo huweza kuchukua siku au majuma kulingana na jinsi mfumo ulivyopangwa. Mtumiaji haoni kitu, naye huhitimisha kwamba hakuna kitu.

La pili ni kuondoa katika faharasa. Mawakala wengi hawatafuti kumbukumbu kwa neno bali kwa maana, na ili hilo liwezekane, kila kifungu hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya tarakimu zinazowakilisha maana yake. Kwa hiyo panakuwa na vitu viwili, maandishi na tarakimu zake. Kimoja chaweza kuondolewa na kingine kikasalia. Tofauti baina ya kitu na faharasa yake iliwahi kuamuliwa hata mahakamani. Mnamo Mei 2014, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua katika kesi ya Mhispania Mario Costeja González kwamba Google iondoe viungo vilivyojitokeza jina lake lilipotafutwa, vikielekeza kwenye matangazo ya gazeti ya mwaka wa 1998 kuhusu deni lake. Gazeti lenyewe halikulazimishwa kuyaondoa matangazo hayo. Huko kilichoondolewa ni njia ya kufikia, nacho kilichofikiwa kikabaki. Katika kumbukumbu za mawakala, kinyume chake pia chaweza kutokea.

La tatu ni kuondoa mihutasari. Wakala hahifadhi kila neno, maana nafasi ni finyu na usomaji una gharama. Hukusanya mazungumzo kumi akayafupisha kwa sentensi moja. Sentensi hiyo haitaji tena chanzo chake. Mwenye kufuta mazungumzo ya awali hajaigusa, na huyo ndiye mkosaji katika mfano wangu wa ripoti. Wanaisimu wanajua kwamba kauli ikishatamkwa huzaa hitimisho katika akili za wasikilizaji, na hitimisho hilo halirudi kinywani kwa msemaji hata akisema 'nimeyafuta maneno yangu'. Kampuni ya OpenAI yenyewe iliwaeleza watumiaji wake kwamba kufuta mazungumzo hakufuti kumbukumbu zilizochotwa humo, na kwamba anayetaka zitoke hana budi kuzifuta kumbukumbu zenyewe. Maelezo hayo ni ya haki. Swali ni wangapi walioyasoma.

La nne ni kuondoa nakala. Mfumo wowote unaoendeshwa kwa uangalifu huwa na nakala za akiba na daftari la matukio, ili hitilafu ikitokea, kazi isipotee. Nakala hizo hazifutiki papo hapo. Zaidi ya hayo, huenda zikashikiliwa kwa amri ya dola. Mnamo Mei 2025, katika kesi ambayo gazeti la The New York Times liliishtaki OpenAI mnamo Desemba 2023, mahakama mjini New York iliiamuru kampuni hiyo ihifadhi mazungumzo ambayo kwa kawaida yangefutwa, yakiwemo yale ambayo watumiaji wenyewe walitaka yafutwe. Wajibu huo uliendelea hadi Septemba 2025. Kwa miezi hiyo, mamilioni ya watu waliendelea kubonyeza kitufe cha kufuta, na kitufe kikaendelea kutii, ilhali maandishi yakiwekwa kando kama ushahidi.

La tano, na gumu kuliko yote, ni kuondoa athari katika mtambo wenyewe. Ikiwa mazungumzo yalitumiwa kuufunza mtambo, hayamo tena katika faili ambayo mtu anaweza kuitaja kwa jina. Hapa mila ya pwani yetu inatupa mfano bora kuliko istilahi yoyote ya kigeni. Katika vyuo vya Kurani, mwanafunzi aliandika somo lake kwa wino kwenye ubao wa mti, akalisoma hadi akalihifadhi, kisha ubao ukaoshwa kwa maji ili uandikwe somo jingine. Ubao uliposhwa, somo lilikuwa limekwisha kuhamia kifuani. Hakuna maji yanayofika huko. Wenye mamlaka nchini Marekani walilitambua hilo mnamo 2021, pale Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipoiamuru kampuni ya Everalbum ifute picha za waliofunga akaunti zao pamoja na mitambo ya utambuzi wa nyuso iliyoundwa kwa picha za watumiaji. Yaani iliamriwa ubao uoshwe na mwanafunzi pia asahaulishwe. Amri kama hiyo ni nadra.

Yupo atakayesema kwamba yote haya ni ya wataalamu, na kwamba mtumiaji wa kawaida anapaswa kumwamini wakala anaposema amefuta. Siafiki. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1962, alitufunza kutenganisha kauli zinazotenda na kauli zinazoarifu. Mwenye mamlaka anaposema 'naufungua mkutano', mkutano hufunguka kwa kusema huko. Lakini anayesema 'nimefunga mlango' hafungi mlango kwa maneno. Anatoa habari ambayo yaweza kuwa kweli au uongo. 'Nimefuta' ya wakala ni ya aina hii ya pili. Ni taarifa, na taarifa huthibitishwa.

Ushahidi wa hoja hii haukukawia. Mnamo Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa kampuni ya Replit alivyoifuta hifadhidata yake, licha ya kuagizwa asibadilishe chochote. Kisha wakala huyo akamwarifu kwamba data ile haingeweza kurejeshwa. Ikarejeshwa. Katika kisa hicho kimoja tunakuta makosa mawili: aliyefuta hakuwa na idhini ya kufuta, na kile alichodai kuwa kimefutika kilikuwa kimefutwa tu. Safari hii kosa hilo la pili lilimwokoa mwenye mali. Lakini mtu hawezi kujenga faragha ya watoto juu ya bahati.

Wapo pia wanaodai kwamba kumbukumbu hazifai kufutwa kabisa, kwa sababu wakala asiyekumbuka hana faida, na kwa sababu kufuta kwaweza kutumiwa kuficha uovu. Hoja hii ina uzito. Mwanafunzi akidanganya, au mwalimu akitumia wakala kumdhulumu mtu, kumbukumbu ndizo shahidi. Lakini kumbukumbu isiyofutika si lazima iwe shahidi mwadilifu. Mnamo Septemba 2024 mtafiti wa usalama Johann Rehberger alionyesha kwamba maandishi yaliyofichwa katika ukurasa wa mtandao yangeweza kuifanya ChatGPT ijiandikie kumbukumbu ambazo mtumiaji hakuzikusudia, na kwamba kumbukumbu hizo ziliendelea kufanya kazi katika mazungumzo mapya. Chombo kinachoweza kupandwa uongo sharti kiwe na njia ya kung'oa. Kwa hivyo ninachodai si kwamba kila kitu kifutwe. Ninachodai ni kwamba kinaposemwa kuwa kimefutwa, ijulikane ni lipi kati ya matendo matano lililotendwa, na ni nani aliyelithibitisha.

Sheria zetu ziko upande wa dai hili kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 40, inampa mwananchi haki ya kudai data yake isiyo sahihi au inayopotosha irekebishwe, na ile ambayo mwenye kuishika hana tena idhini ya kuihifadhi, au isiyohusika, au iliyopatikana kinyume cha sheria, ifutwe bila kuchelewa. Inamtaka pia aliyeigawa data hiyo kwa wengine achukue hatua za kuwajulisha. Na pale data inapohitajika kwa ushahidi, sheria inaelekeza matumizi yake yawekewe mipaka badala ya kufutwa, na mwenyewe aarifiwe. Kuhusu watoto, kifungu cha 33 kinadai idhini ya mzazi au mlezi. Hayo si maneno matupu. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi.

Uamuzi unaonifurahisha zaidi, kwa upande wa lugha na wa haki pia, ni ule wa Mahakama Kuu ya Kenya wa Mei 2025 kuhusu kampuni ya Worldcoin. Wasomaji watakumbuka misururu ya watu jijini Nairobi mnamo 2023, waliojitokeza kupigwa picha za mboni za macho ili wapewe sarafu za kidijitali, hadi serikali iliposimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti. Mahakama haikutosheka na kuiamuru kampuni ifute data hiyo ya maumbile. Iliamuru ifutwe kwa muda wa siku saba, na chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Katika maneno hayo machache ya mwisho mna hekima yote ninayoitafuta. Jaji alitambua kwamba mfutaji hafai kuwa shahidi pekee wa kufuta kwake.

Basi walimu na wanafunzi wafanyeje? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Shule inayotaka kununua au kutumia wakala wa akili unde imuulize muuzaji maswali matano, na majibu yaandikwe katika mkataba. Nikifuta, kifungu kinaondolewa au kinafichwa tu? Tarakimu zake katika faharasa zinaondoka pamoja nacho? Mihutasari iliyotokana nacho inatafutwa na kuandikwa upya? Nakala za akiba hukaa siku ngapi? Na je, maneno yetu yanatumiwa kufunza mtambo? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo kwa lugha ambayo mzazi ataielewa, huyo hajui anachouza, au anajua na hataki tujue. Fauka ya hayo, shule iamue ni nani mwenye idhini ya kumwamuru wakala afute, na kila ufutaji uwe na tarehe na sababu, kama vile ambavyo tumekuwa tukifanya katika sajili za karatasi.

Kwa mwalimu mmoja mmoja, kuna jaribio ambalo halihitaji mtaalamu. Ukishafuta kumbukumbu, fungua mazungumzo mapya na umuulize wakala kuhusu jambo lile kwa maneno tofauti na yale uliyotumia awali, maana chombo hutafuta kwa maana. Lirudie baada ya majuma machache. Jaribio hilo halitakuhakikishia kwamba hakuna kilichobaki, lakini aghalabu litakuonyesha kilichobaki. La busara zaidi ni kutoandika kabisa. Majina ya watoto, maradhi yao, karo wanayodaiwa na misiba ya nyumbani kwao havina haja ya kuingia katika chombo ambacho hujui ufutaji wake. Mtoto anaweza kuandikwa kwa nambari ambayo mwalimu peke yake anaijua. Maji yakimwagika hayazoleki, na fununu kuhusu mtoto ni nyepesi kumwagika kuliko maji.

Kwa wanafunzi wangu wa isimu, na kwa wenzao wa sayansi ya kompyuta ambao kwa muda mrefu wamedhani kwamba hatuna la kuzungumza, hii ni kazi yetu sote. Programu hizi zinatafsiriwa kwa Kiswahili kila siku, na anayetafsiri kitufe huandika 'Futa' akaendelea na kitufe kinachofuata. Hana budi kuuliza kwanza kitufe kile kinafanya nini. Kama kinaficha, kiandikwe 'Ficha'. Kama kinaondoa katika orodha tu, kiandikwe 'Ondoa katika orodha'. Neno 'Futa' lihifadhiwe kwa ajili ya chombo ambacho mwenyewe yuko tayari kuulizwa na mzazi, na Kamishna, na jaji ikibidi: yale uliyoyaandika kuhusu mtoto huyu, sikuulizi kama yamefutwa, nakuuliza kama yamefutika.